Pampasi za Watu Wazima: Kinachopatikana Hospitalini na Kinachonunuliwa Dukani

Mteja anayetaka pampasi za mtu mzima hutambulika dukani kabla hajasema neno. Husubiri wenzake waondoke, kisha huuliza kwa sauti ya chini, na mara nyingi husema ni za mgonjwa wa jirani. Haulizi kipimo, habishani kuhusu bei, haombi risiti. Tunaanza na hali hiyo kwa sababu inampotezea mlaji fedha nyingi kuliko kasoro yoyote ya bidhaa. Aibu humfanya anunue haraka. Tena humfanya apeleke dukani jambo ambalo lilipaswa kwanza kufika hospitalini.

Tumeandika tukiwafikiria wakazi wa Kibara, katika Wilaya ya Bunda, na jirani zao wa Butiama na Musoma, ingawa sehemu kubwa ya maelezo haya inamfaa mlaji yeyote nchini. Kibara iko upande wa Ziwa Victoria, mbali na barabara kuu iendayo Mwanza. Duka la dawa muhimu lililo karibu huenda likawa na aina moja tu ya bidhaa hizi; famasi yenye vipimo mbalimbali iko mjini, na daktari bingwa yuko mbali zaidi. Kwa hiyo kila kosa la ununuzi hulipiwa mara mbili: bei ya bidhaa, kisha nauli ya kuirudia.

Kuvuja ni dalili

Kushindwa kuzuia mkojo si ugonjwa mmoja, wala si sehemu ya lazima ya uzee. Mwanamke aliyezaa mara kadhaa huweza kuvuja kidogo anapokohoa, anapocheka au anapojitwika ndoo, kwa kuwa misuli ya sakafu ya nyonga imelegea. Mazoezi ya kuikaza misuli hiyo, yakifanywa kila siku kwa miezi mitatu au zaidi, huwasaidia wengi bila shilingi kutoka mfukoni. Muuguzi au mtaalamu wa fiziotherapia huyafundisha kwa dakika chache. Mwingine huenda haja ndogo mara kwa mara na hana namna ya kukata kiu. Huyo apimwe kisukari. Anayesikia maumivu na kuungua apimwe maambukizi ya njia ya mkojo. Mkojo wenye damu haufichwi kamwe, hasa kwetu Kanda ya Ziwa ambako kichocho kinajulikana. Dawa yake ipo, na damu hiyo huweza pia kuwa dalili ya jambo kubwa zaidi. Wapo hata wanaovuja kwa sababu ya vidonge vya shinikizo la damu vya aina ile inayotoa maji mwilini. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, mganga huweza kubadilisha saa ya kumeza dawa, na tatizo likapungua. Mgonjwa asiache vidonge hivyo kwa uamuzi wake mwenyewe.

Hatari iliyojificha zaidi ni ya mwanaume wa makamo au mzee ambaye mkojo wake hutoka matone matone mchana na usiku. Ndugu zake hudhani kibofu kimechoka. Mara nyingi mambo ni kinyume: tezi dume imekua na kubana njia, kibofu kimejaa hadi pomoni, na yale matone ni maji yanayofurika. Pampasi itamwacha akiwa mkavu huku mkojo uliobaki ndani ukirudisha shinikizo kwenye figo. Mzee wa namna hiyo anahitaji kuwekewa mpira wa mkojo na kuonwa na daktari. Kila pakiti anayonunuliwa kabla ya hapo humcheleweshea matibabu.

Fistula

Yupo pia mgonjwa ambaye hatupendi kabisa aanzie dukani. Ni mwanamke ambaye, baada ya uchungu wa muda mrefu, aghalabu wa siku mbili au tatu na aghalabu ulioishia kwa kifo cha mtoto, ameanza kuvuja mkojo au haja kubwa bila kukoma, akiwa amelala au amesimama. Kichwa cha mtoto kilipobana nyonga kwa saa nyingi, nyama iliyo kati ya uke na kibofu ilikosa damu ikafa, na baada ya siku chache pakabaki tundu. Hiyo ndiyo fistula ya uzazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake kati ya 50,000 na 100,000 huipata kila mwaka duniani. Si laana wala matokeo ya mwenendo mbaya, na hakuna unga wa mizizi unaoziba tundu hilo, hata ukiuzwa kwa maneno matamu kiasi gani.

Muda una thamani kubwa hapa. Fistula ikigunduliwa katika wiki chache za mwanzo, tundu dogo huweza kujifunga lenyewe iwapo mpira wa mkojo utawekwa na kuachwa umimine mfululizo, ili kibofu kipumzike. Kwa hiyo mzazi anayevuja siku chache baada ya kujifungua arudishwe kituoni wiki hiyohiyo, asisubiri arobaini.

Hata aliyechelewa miaka kumi asikate tamaa, kwa kuwa upasuaji wa fistula hutolewa bila malipo katika hospitali zenye huduma hiyo. Jijini Dar es Salaam iko CCBRT, na kwa watu wa Kanda ya Ziwa iliyo karibu ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza. CCBRT iligundua mapema kwamba upasuaji wa bure haumfikii asiye na nauli; kuanzia mwaka 2009 ilitumia M-Pesa kutuma nauli kwa mabalozi wake vijijini, nao wakawakatia wagonjwa tiketi. Kutoka Kibara safari ya Bugando hupitia Bunda, Lamadi na Magu. Kabla ya kuondoka, mwombe mganga wa kituo chako apige simu hospitalini, aulize siku ya kupokea wagonjwa wa fistula na kama upo msaada wa nauli wakati huo. Simu hiyo huweza kumwokoa mgonjwa kulala siku kadhaa katika mji asio na ndugu.

Kile huduma ya umma inachotoa

Tuseme wazi, maana wengi huja wakiwa na matumaini yasiyo na msingi. Tanzania haina mpango wa umma unaompelekea mgonjwa pampasi nyumbani kila mwezi. Uingereza unao: muuguzi humpima mgonjwa, akamwandikia, na idadi hutofautiana kulingana na eneo. Ujerumani daktari huandika cheti na bima ya afya hulipia. Mwenye ndugu huko husikia habari hizo akadhani hapa pana dirisha kama lile lililofichwa mahali fulani. Halipo. Katika wodi zetu nyingi hata mgonjwa aliyelazwa huletewa pampasi na ndugu zake, sawa na sabuni na shuka.

Kinachopatikana katika huduma ya umma ni kile ambacho duka haliuzi: uchunguzi, dawa, kuwekewa na kubadilishiwa mpira wa mkojo, mafunzo ya mazoezi, upasuaji, na rufaa. Ngazi huanzia zahanati na kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kwa mfano Hospitali Teule ya Bunda, halafu Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyopo Musoma, ndipo Bugando. Omba barua ya rufaa hata kama unajua njia. Mwenye bima au msamaha anayeruka ngazi huweza kutozwa kama mgonjwa binafsi, na fedha hizo hazirudi.

Kwa upande wa malipo, wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana haki ya msamaha katika vituo vya umma. Mzee hahitaji kuomba msamaha upya kila aendapo: kitambulisho cha matibabu hutolewa kupitia halmashauri, na anayeanza aende kwa Mtendaji wa Kijiji. Mtu mzima asiye mzee lakini asiye na uwezo huonana na Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali, akiwa na barua ya Mtendaji. Afanye hivyo kabla ya kulipa chochote, kwa sababu msamaha hauombwi vizuri ukiwa na risiti mkononi.

Mwenye kadi ya bima, iwe ya NHIF au ya CHF iliyoboreshwa, asome kadi yake kwa maswali badala ya matumaini. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na vitita na michango vimekuwa vikibadilika, hivyo jibu la jirani la mwaka jana huenda si jibu la leo. Uliza dirishani kwa maneno mahususi: “Kadi hii inalipia huduma ya kuweka mpira pekee, au na mpira wenyewe na mfuko wake?” “Inatumika hospitali ya mkoa bila barua?” Swali la jumla, “Je, inalipia?”, hupata jibu la jumla, na mgonjwa huja kutumwa famasi baadaye.

Kuna kaya moja ambayo huhitaji kujipanga mapema kuliko nyingine, nayo ni yenye mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi. Wengi wa watoto hao hawahisi kibofu kujaa. Hospitali kubwa huwafundisha wazazi kutoa mkojo kwa mpira mwembamba kila baada ya saa chache, na utaratibu huo hulinda figo za mtoto na humwezesha kukaa darasani akiwa mkavu. Msamaha wa mtoto hukoma anapotimiza miaka 5, ilhali mpira ataendelea kuuhitaji maisha yake yote. Kadi ya bima ya kaya itafutwe kabla ya siku hiyo ya kuzaliwa.

Ukitumwa kununua mpira wa mkojo

Kifaa hiki mgonjwa huwekewa na mtaalamu, lakini mara nyingi ndugu ndiye anayetumwa dukani akiwa na kikaratasi kilichoandikwa “Foley 16”. Namba hiyo ni unene wa mpira, wala haina uhusiano na umri au urefu wa mgonjwa. Mwisho wa mpira una rangi inayolingana na namba: 14 ni kijani, 16 ni rangi ya chungwa, 18 ni nyekundu. Muuzaji akikosa 16 akakupa 18 kwa kusema “ni ileile tu”, mkatalie kwa adabu au mpigie simu muuguzi kwanza. Mpira mnene kupita kiasi huumiza njia ya mkojo, na ukishafunguliwa haurudishwi dukani.

Tazama mambo matatu kwenye pakiti. Iwe haijatoboka wala kulowa, kwa kuwa usafi wa kifaa unategemea pakiti hiyo. Iwe na tarehe ya mwisho wa matumizi. Na utaona alama ya namba 2 ndani ya duara iliyokatwa kwa mstari. Maana yake ni kwamba kifaa hutumika mara moja tu. Mpira uliotolewa haurudishwi kwa mgonjwa, achilia mbali kuchemshwa na kupewa mwingine.

Uliza pia umetengenezwa kwa nini. Mpira wa lateksi kwa kawaida hukaa mwilini muda usiozidi wiki 4. Wa silikoni tupu huweza kukaa hadi wiki 12 na bei yake ni kubwa zaidi. Anayehitaji mpira kwa wiki moja hana sababu ya kulipia silikoni. Anayeutumia kwa miezi, na anayeishi mbali kama Kibara, apige hesabu pamoja na nauli za kwenda kubadilishiwa. Huenda ule wa ghali ukawa wa rahisi. Tarehe ya kubadilisha iandikwe kwenye daftari la kliniki. Kwa mwanaume anayevuja lakini kibofu chake kinamwaga vizuri, ipo aina inayovaliwa kwa nje kama kondomu na kuunganishwa na mfuko. Haiingii ndani ya mwili, hivyo hatari ya maambukizi ni ndogo. Muulize mganga kama inamfaa.

Dukani

Baada ya uchunguzi, wapo ambao jibu lao ni pampasi: mgonjwa wa kiharusi, mzee aliyepoteza kumbukumbu, mgonjwa wa saratani aliye nyumbani. Hapo ndipo ununuzi wa busara unapookoa kaya. Tufanye hesabu ya mfano. Kipande kikiwa shilingi 1,500 na mgonjwa akatumia vinne kwa siku, ni shilingi 6,000. Kwa siku 30 ni shilingi 180,000. Amri ya kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi ya mwaka 2022 iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kwa kazi za kilimo. Mshahara mzima wa kibarua wa shambani haukutosha pampasi za mama yake. Ndiyo maana tunasisitiza bei ya kipande badala ya bei ya pakiti: gawanya bei kwa idadi iliyoandikwa, maana pakiti mbili zinazolingana kwa umbo huweza kuwa na vipande 10 na 8.

Ndani ya pampasi nzuri kuna nyuzi laini za mti zilizochanganywa na chembechembe zinazogeuka ujele zikilowa. Ujele huo ndio unaozuia mkojo kurudi kwenye ngozi. Isiyo na chembechembe za kutosha ni nene mkononi lakini hulowa juu mara moja. Usipime ubora kwa unene, basi. Nunua kipande kimoja au pakiti ndogo kabla ya katoni, ukijaribu usiku mmoja. Kiasi cha mililita kinachoandikwa kwenye pakiti hupimwa maabara, pampasi ikizamishwa katika kimiminika na kupimwa uzito. Mwilini, mtu akiwa amelala upande mmoja, hubeba pungufu sana ya hapo.

Kipimo hutokana na mzunguko wa kiuno na nyonga, kwa sentimita. Mpime mgonjwa kwa utepe wa fundi cherehani, uandike namba iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Tunaona watu wakinunua kubwa zaidi wakidhani inabeba zaidi. Matokeo yake ni nafasi mapajani na shuka kulowa. Wengine hununua pampasi kubwa kabisa ya mtoto kwa sababu haiwaaibishi. Haifungi kiunoni mwa mtu mzima na fedha hupotea. Taulo ya kike nayo si badala: imetengenezwa kwa damu inayotoka polepole, na mkojo unaotoka kwa kasi huipita. Kwa anayelala muda wote, aina yenye gundi ubavuni hubadilishwa bila kumwinua. Ile inayovaliwa kama chupi inamfaa anayetembea.

Jihadhari na vipande vilivyotolewa kwenye furushi na kupangwa mezani bila pakiti. Huwezi kujua kipimo, mtengenezaji wala tarehe, vumbi na unyevu vimeshaingia, na vingine viliondolewa kiwandani kwa kasoro ya gundi. Muuzaji wa rejareja anayefungua pakiti mbele yako na kukuonyesha maandishi hatuna ugomvi naye. Kwa mwenye kipato cha siku kwa siku, huyo ni msaada.

Anayeagiza kwa simu kutoka Mwanza au Dar es Salaam aombe picha ya pakiti yenye kipimo na idadi, na akiweza alipe mzigo ukifika stendi ya Bunda. Ujumbe wa maandishi wa makubaliano usiufute. Kuhusu bei, tunakumbuka jambo moja: katika mwaka wa fedha 2018/19 taulo za kike zilisamehewa kodi ya ongezeko la thamani, na mwaka uliofuata msamaha ukaondolewa, Serikali ikieleza kwamba bei kwa mtumiaji haikushuka. Mlaji asiyelinganisha bei hanufaiki hata kodi ikipunguzwa.

Kitambaa, na kinachobaki

Kaya nyingi zitachanganya, nasi hatuoni ubaya: kitambaa mchana, pampasi usiku au safarini. Khanga kuukuu au shuka ya pamba iliyokunjwa mara kadhaa, na juu yake chupi inayobana, humfaa anayevuja kidogo. Kitandani utandike kipande cha mpira au nailoni kinachouzwa kwa mita, na juu yake kitambaa, kamwe nailoni isiguse ngozi. Vitambaa vioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani waziwazi. Vinavyokaushwa kwa kificho chini ya godoro hubaki na unyevu, navyo huchubua.

Iwe kitambaa au pampasi, ngozi isafishwe kwa maji na kukaushwa kila ibadilishwapo, kisha ipakwe mafuta mazito kidogo tu, kwa kuwa mengi huziba pampasi. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili. Wala mgonjwa asinyimwe maji ili asilowe. Mkojo mzito huwasha kibofu na kumwongezea haja.

Pampasi iliyotumika haioshwi tena wala haitupwi ziwani. Kinyesi kimwagwe chooni, kipande kikunjwe kwa ndani na kuwekwa kwenye pakiti yake tupu. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, pakiti hiyo imekuwa na kazi ya pili. Kisha ifukiwe katika shimo refu lisilofikiwa na mbwa. Choo cha shimo hujaa upesi kikitupiwa pampasi, na gharama ya kuchimba kingine hakuna aliyeiingiza katika hesabu ya mwezi.

Bidhaa ikiwa na kasoro

Dai risiti, na iandikwe jina la bidhaa, kipimo na idadi. Tangazo la ukutani lisemalo “mali ikishauzwa hairudishwi” halifuti sheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouziwa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Pakiti iliyoandikwa vipande 10 ikawa na 8, au gundi zisizoshika tangu kipande cha kwanza, ni sababu halali ya kurudisha. Kubadili nia baada ya kufungua si sababu halali, na hapo tunamtetea mwenye duka: hawezi kumuuzia mwingine kilichokwisha kufunguliwa.

Anza kwa muuzaji mwenyewe, siku hiyohiyo ikiwezekana, ukiwa na risiti na pakiti. Akikataa, andika barua fupi: ulinunua nini, wapi, lini, kwa bei gani, kasoro ni ipi, na unataka nini, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Mpira wa mkojo, mfuko wake au kifaa tiba kingine chenye kasoro hupelekwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Suala la ubora wa bidhaa za kawaida ni la Shirika la Viwango, na la udanganyifu wa kibiashara ni la Tume ya Ushindani. Anayeuza dawa ya asili kwa madai ya kuponya fistula huripotiwa kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, au kwa Mganga Mkuu wa Wilaya.

Usijali sana ukikosea ofisi. Barua iliyofika kwetu isiyotuhusu huelekezwa panapostahili. Ambatisha nakala ya risiti, ubaki na ile halisi, na uhifadhi kipande chenye kasoro pamoja na sehemu ya pakiti yenye namba ya toleo, kwani kwa namba hiyo mkaguzi huweza kufuatilia mzigo mzima uliokuja nacho. Jina la mgonjwa si lazima kuliandika.